Mcheza Kwao Hutunzwa: Tafakuri Kuhusu Msimu wa Gemu Buruburu

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitungia insha, tukaipamba kwa visa vya ngoma na harusi. Ni nadra, hata hivyo, kumsikia mwalimu akiliuliza swali linalojificha ndani yake: je, anayetaka kutoka kwao akacheze kwa wenzake hufuzu vipi? Nani humpa ruhusa ya kuuacha uwanja wa nyumbani, na kwa kipimo gani? Makala haya yanakusudia kulitafakari swali hilo kwa mfano ambao huenda ukamshangaza msomaji wa jarida hili, nao ni mashindano ya michezo ya video, au gemu kama wengi wanavyoiita, katika mtaa wa Buruburu jijini Nairobi, nilikozaliwa na kulelewa. Najua wapo watakaouliza gemu zinahusiana vipi na Kiswahili. Nawaomba subira, jibu lao limo njiani.

Msomaji asiyeijua Buruburu na aelewe kwamba ni mtaa ulio upande wa mashariki wa Nairobi, ule unaojulikana na wote kama Eastlands. Ulijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970 hadi miaka ya 1980, na awamu hizo ndizo anwani zetu hadi leo. Ukimuuliza mtu anakoishi atakujibu "fezi tatu" au "fezi tano", na jibu hilo linatosha. Nyumba zilikusudiwa familia za kipato cha wastani: paa la vigae, ua mdogo mbele, ukuta unaopakana na wa jirani. Miaka ilivyosonga, nyua nyingi za mbele ziligeuzwa vyumba vya biashara. Hapo utamkuta kinyozi, hapa duka la M-Pesa, na katikati yao kibanda cha gemu.

Kibanda cha gemu hakina makuu. Ni runinga mbili au tatu, mashine za PlayStation, viti vya plastiki, pazia zito mlangoni la kuzuia jua lisiangaze kioo, na daftari la mwenye kibanda. Nami niliingia humo mara ya kwanza kwa kutumwa na mama. Nilikuwa nikimfuata mdogo wangu, kitindamimba wetu, aje ale chakula cha jioni. Niliposimama mlangoni nikingoja mechi iishe, nikaiona sheria ya kwanza ya mahali pale, sheria isiyoandikwa popote lakini inayojulikana na kila mtoto: mshindi hubaki, mshinde hulipa na kupisha. Hiyo, mpenzi msomaji, ndiyo hatua ya chini kabisa ya kufuzu. Ukishinda unafuzu kuendelea kukaa kwenye kiti. Ukishindwa unatoa sarafu na kurudi mwisho wa foleni.

Sheria hiyo inatosha kwa mchana wa kawaida, ila haitoshi pindi watu wanapotaka kujua nani bora kuliko wote. Mtu anaweza kubaki kitini saa nzima kwa sababu wakali wa mtaa bado wako kazini. Ndiyo maana vibanda huandaa bonanza, na hapo ndipo hesabu inapoanza kushika usukani. Chukulia kwamba wachezaji ni 16 na runinga iliyo nzuri ni moja. Mechi moja ya kandanda, ukijumlisha vipindi viwili vya dakika sita na muda wa kuchagua timu, huchukua takribani dakika 15. Mkiamua kila mmoja akutane na kila mmoja, kama ligi inavyotaka, mtahitaji mechi 120, yaani saa 30 mfululizo. Hakuna mzazi wa Buruburu atakayeliruhusu hilo. Mkiamua mtoano wa kawaida, ambapo kila mechi humwondoa mtu mmoja, mechi 15 zitawaondoa 15 na kumwacha bingwa. Kazi itaisha kwa saa tatu na dakika 45.

Mtoano ni wa haraka, lakini ni katili. Kijana aliyelipa kiingilio anaweza kutolewa katika mechi ya kwanza kwa kuwa kura ilimkutanisha na bingwa wa mwaka uliopita. Kwa sababu hiyo waandaaji makini hufanya mambo mawili. Kwanza, huwatawanya vigogo katika pande mbalimbali za jedwali ili wasimalizane mapema. Pili, hasa katika gemu za mapigano kama Tekken, hutumia mtoano wa kushindwa mara mbili. Anayeshindwa mara ya kwanza haendi nyumbani, bali huteremka kwenye safu ya chini na kupigania uhai wake huko. Akishindwa tena ndipo anapoaga. Mshindi wa safu ya chini hukutana na mshindi wa safu ya juu katika fainali. Kwa kuwa washinde 15 ni lazima wapoteze mara mbili kila mmoja, mechi huwa 30, au 31 iwapo bingwa mwenyewe atapoteza mara moja. Vijana wa kibanda chetu waliipa safu hiyo ya chini jina zuri kuliko yote niliyoyasikia: safu ya majeruhi. Sikuhitaji kamusi kulielewa.

Lakini bonanza la siku moja, hata liwe la haki namna gani, hupima siku moja tu. Mtu huweza kuamka na homa. Kutokana na kasoro hiyo ndipo lilipozaliwa wazo la msimu. Wazo hili si geni kwetu. Wapenzi wa raga nchini Kenya wanajua jinsi msururu wa kitaifa wa raga ya wachezaji saba unavyoendeshwa kwa duru: Prinsloo kule Nakuru, Driftwood kule Mombasa, Dala kule Kisumu, pamoja na Kabeberi na Christie. Timu hukusanya alama katika kila duru, na bingwa wa mwaka ni yule aliyekusanya nyingi mwishoni, hata kama hakuishinda kila duru. Hali kadhalika, wengi wetu tuliokariri mashairi ya kwaya katika Tamasha la Muziki tulipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi ngazi ya taifa, na katika kila ngazi kulikuwa na majaji wenye kalamu wa kuamua nani apande na nani arudi shuleni. Hizo ndizo njia mbili kuu za kufuzu duniani: njia ya kukusanya alama na njia ya kupanda ngazi.

Gemu nazo zimezifuata njia hizo hizo. Tazama msururu wa dunia wa Tekken, ulioanzishwa na kampuni ya Bandai Namco ya Japani mwaka 2017. Katika msimu wa 2019 kulikuwa na mashindano ya madaraja mbalimbali yaliyotapakaa duniani. Makubwa yalitoa alama nyingi, na madogo yaliyoandaliwa na wachezaji wenyewe yalitoa alama chache kulingana na idadi ya waliohudhuria. Mwisho wa msimu wachezaji 19 wa kwanza katika orodha ya alama walialikwa Bangkok, Thailand, mwezi wa Desemba. Nafasi ya 20 iliachwa wazi hadi dakika za mwisho, ikashindaniwa na wale waliofika huko kwa nauli yao bila kuwa na alama za kutosha. Mimi huiita nafasi hiyo mlango wa mwisho. Bingwa wa mwaka huo alikuwa Mjapani anayejulikana kwa jina la Chikurin.

Njia ya kupanda ngazi nayo ndiyo inayofuatwa na Shirikisho la Kimataifa la michezo hii, IESF, lililoanzishwa Korea Kusini mwaka 2008. Hapa mchezaji huvaa bendera. Mashirikisho ya nchi huchuja wachezaji wao, waliochaguliwa hukutana na wa nchi nyingine za kanda, na waliofuzu hapo huenda katika fainali za dunia, kama zile zilizofanyika Bali, Indonesia, mwaka 2022, ambako Tekken 7 na eFootball zilikuwa miongoni mwa gemu zilizoshindaniwa. Wanaodhani kwamba haya ni mambo ya watoto na wakumbuke kwamba katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou, China, mwaka 2023, gemu zilitolewa medali sawa na riadha na kuogelea.

Ukizitazama njia hizi kwa jicho la mkazi wa Buruburu utagundua jambo ambalo halionekani kwenye jedwali. Njia ya alama humpendelea mwenye nauli. Anayeishi Ulaya anaweza kupanda gari la moshi Ijumaa, akashindana Jumamosi, akarudi nyumbani Jumapili na alama zake mfukoni. Anayeishi Afrika Mashariki huhitaji pasipoti, viza, tikiti ya ndege na mahali pa kulala kabla hajabonyeza hata kitufe kimoja. Ubingwa wa Arslan Ash, kijana wa Lahore nchini Pakistan, ulishangaza dunia kwa sababu hiyo. Mwaka 2019 alishinda mashindano ya Evo kule Japani mwezi wa Februari, kisha akashinda Evo ya Las Vegas mwezi wa Agosti, akawa mtu wa kwanza kuyatwaa yote mawili katika mwaka mmoja. Alipohojiwa alisema kwamba kwao wako wengine wakali kama yeye. Kauli hiyo iliwafikia vijana wa kibanda chetu kama habari njema. Maana yake ni kwamba orodha ya alama huwataja walioweza kusafiri. Haiwataji lazima walio bora.

Hapa kwetu Kenya tunaye Sylvia Gathoni, mchezaji wa Tekken anayejulikana kama Queen Arrow, ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya kigeni ya XiT Gaming, naye alikuwa akisomea sheria chuo kikuu. Mwaka uliofuata kampuni ya Safaricom, kupitia mpango wake wa vijana uitwao BLAZE, iliandaa mashindano ya gemu, na ghafla wazazi waliokuwa wakiwafukuza watoto vibandani walianza kuuliza maswali. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Aliniuliza, "Huyo msichana wa sheria, gemu hazikumharibia masomo?" Nilimwambia hazikumharibia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mdogo wako na aanze na masomo." Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyopata kibali cha kushiriki, kwa sharti kwamba siku ya mtihani hakuna bonanza.

Msimu ninaotaka kuusimulia uliandaliwa na wenye vibanda wachache waliokubaliana kushirikiana. Kulikuwa na duru tano za kandanda, kila duru katika kibanda chake, na wachezaji 16 kila mara. Mshindi wa duru alipata alama 10, wa pili 7, waliotolewa katika nusu fainali 4, waliotolewa katika robo fainali 2, na waliobaki 1. Atakayeongoza mwishoni angeliwakilisha eneo letu katika mchujo mkubwa zaidi mjini, na wa pili angekuwa wa akiba. Mwenye kibanda mmoja, mzee mpole ambaye vijana wote humwita "mzee" kwa heshima, alinijia akiwa na karatasi ya masharti aliyoipata kutoka mashindano mengine. Ilikuwa kwa Kiingereza. "Wewe ndiwe unayesoma Kiswahili chuoni," aliniambia. "Hebu tuandikie hii, watu waielewe, maana ugomvi wa hapa wote huanzia kwenye karatasi."

Nikaketi na karatasi ile jioni mbili. Nilichokigundua ni kwamba istilahi nyingi tayari tunazo, na si wanaleksikografia waliotupa. Tumezipata kutoka kwa watangazaji wa kandanda redioni, kina marehemu Leonard Mambo Mbotela aliyetutoka mwaka 2025, na kutoka kwa waandishi wa kurasa za michezo. Mtoano, mchujo, kufuzu, robo fainali, msimamo wa ligi, duru, vigogo, kupita bila jasho: maneno haya yamezoeleka masikioni mwa kila shabiki. Kazi ngumu ilikuwa sentensi. Karatasi ya Kiingereza ilisema kwamba wakilingana wachezaji alama, itatazamwa tofauti ya mabao. Haikusema mabao ya mechi zipi. Ya msimu mzima, au ya walipokutana wao kwa wao? Niliwauliza wenye vibanda, nao wakakubaliana. Nikaandika hivi: "Wachezaji wakilingana alama, zitatazamwa kwanza mechi walizokutana wao kwa wao. Wakiwa wamegawana ushindi katika mechi hizo, yatajumlishwa mabao ya mechi hizo hizo tu, na mwenye mabao mengi ndiye atakayetangulia." Aidha, niliongeza sharti lililotoka kwa vijana wenyewe: katika duru tano, kila mmoja ahesabiwe nne alizofanya vizuri zaidi. Walijua kwamba mwanafunzi ana mitihani na mfanyakazi ana zamu. Kabla ya duru ya kwanza masharti yalisomwa kwa sauti mbele ya wote, kisha yakabandikwa ukutani kando ya karatasi ile ya Kiingereza.

Miongoni mwa waliosikiliza alikuwepo kondakta wa matatu za namba 58, kijana mwenye maneno machache na vidole vyepesi. Alinyosha mkono akauliza, "Dada, hiyo 'wao kwa wao' ni mechi zote tutakazokutana, ama ya mwisho tu?" Nikamjibu kwamba ni zote. Akatikisa kichwa kukubali.

Duru ya kwanza yeye na mdogo wangu walikutana fainali, naye akashinda mabao 2 kwa 1. Katika duru ya pili alifika fainali akashindwa, na mdogo wangu akaishia nusu fainali. Duru ya tatu walikutana nusu fainali. Mdogo wangu akashinda 3 kwa 1, kisha akaichukua duru yenyewe. Duru ya nne iliangukia siku ya mtihani, na mama hakusahau mapatano. Kondakta akawa wa pili. Duru ya tano iliangukia mwisho wa mwezi, siku ambayo hakuna tajiri wa matatu anayempa kondakta ruhusa. Mdogo wangu akawa wa pili. Hebu msomaji ajumlishe mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa na 7, 4, 10 na 7. Kondakta alikuwa na 10, 7, 4 na 7. Kila mmoja alama 28, kila mmoja duru moja ya ushindi na mbili za nafasi ya pili. Hakuna mtunzi wa tamthilia ambaye angethubutu kulisawazisha jambo namna hiyo.

Kibanda kikachemka. Mashabiki wa kondakta walielekeza vidole kwenye karatasi ya Kiingereza: tofauti ya mabao, walisema, na kwa msimu mzima mtu wao alikuwa amefunga mengi zaidi. Walisema kweli. Wa upande wetu wakaelekeza vidole kwenye karatasi ya Kiswahili: katika mechi mbili za wao kwa wao, mdogo wangu alikuwa na mabao 4 na mwenzake 3. Nao walisema kweli. Ndipo sauti moja kutoka nyuma ikatamka lile nililokuwa nikilingoja: "Na aliyeandika hayo masharti ni nani? Si dada yake?"

Sikusema neno, kwa kuwa kila neno langu lingekuwa la dada. Mzee mwenye kibanda naye alisita. Aliyesimama ni kondakta. Alikwenda ukutani, akaisoma ile karatasi ya Kiswahili polepole, kwa sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama mtu asomaye barua ya kwao. Kisha akawageukia mashabiki wake. "Hii ilisomwa kabla ya mechi ya kwanza. Hata mimi niliuliza, nikajibiwa. Hiyo nyingine hatukusomewa, na hakuna aliyeiuliza." Akampa mdogo wangu mkono. Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimeifundisha methali hiyo katika mazoezi ya ualimu mara nyingi, ila siku hiyo ndipo nilipomwona mtu akiivaa.

Sheria, hata hivyo, ni msumeno. Wiki mbili baadaye waandaaji wa mchujo mkubwa walituma fomu za usajili. Tangazo lao la awali lilikuwa limetaja tarehe na zawadi tu. Katika fomu, kwa Kiingereza chenye herufi ndogo, kulikuwa na sharti kwamba kila mshiriki awe na kitambulisho cha taifa. Mdogo wangu alikuwa na miaka 17. Kitambulisho hutolewa kwa aliyetimiza 18. Tuliuliza kama barua ya mzazi ingefaa, tukaambiwa hapana. Nafasi ikamwendea wa akiba, yule kondakta.

Nakumbuka mdogo wangu alivyoipokea habari hiyo. Hakulia wala hakufoka. Alikaa jikoni akamenya viazi vyote vilivyokuwemo kwenye beseni, hata vile vya kesho. Mama alimtazama, akamwambia, "Baba, umri si kosa. Utafika." Siku ya mchujo yeye ndiye aliyekwenda na kondakta mjini, akiwa amembebea pedi za kuchezea na kumnong'oneza udhaifu wa wapinzani. Kondakta alishinda mechi mbili, akateremka safu ya majeruhi, akashinda moja zaidi, kisha akatolewa. Walirudi kwa namba 58, na kwa mara ya kwanza mdogo wangu hakulipa nauli.

Yapo mambo mengine mawili yanayomkwaza mchezaji wa kwetu, nami nitayapitia kwa ufupi. La kwanza ni umbali. Tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, kucheza na mtu aliye ng'ambo kumewezekana, na michujo mingi sasa hufanywa kwa intaneti. Lakini hata mwanga una mwendo wake. Katika waya wenye urefu wa kilomita 10,000, ujumbe huchukua takribani sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenda na kurudi. Gemu ya Tekken huonyesha picha 60 kwa sekunde, na ngumi ya haraka hutua baada ya picha 10. Ucheleweshaji huo ni sawa na picha 6: zaidi ya nusu ya ngumi imekwishapita kabla hujaiona. Anayeishi karibu na mitambo huiona yote.

La pili ni umiliki. Kandanda ya uwanjani haina mwenyewe. Hata watoto wa Jericho waweza kuichezea mpira wa karatasi bila kumwomba mtu ruhusa. Gemu ni mali ya kampuni, na kampuni ndiyo huamua msimu uanze lini na uishe lini. Msimu wa Tekken wa 2020 ulifutwa kwa ajili ya janga la korona. Mwaka 2023 kampuni ya EA iliachana na jina la FIFA na kuiita gemu yake EA Sports FC. Vibandani watu wangali wanaiita "FIFA", kwa kuwa ulimi hausaini mikataba. Mchezaji aliyejifunza toleo moja kwa miaka mitatu huweza kuamka siku moja akakuta toleo jipya, na maarifa yake nusu yamepitwa na wakati.

Umbali hatuwezi kuufupisha, na umiliki hatuwezi kuupokonya. Sheria za kufuzu, kwa upande mwingine, huandikwa kwa lugha, na lugha ni kazi yetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, pamoja na Kiingereza. Sisi tulio vyuoni tumeisherehekea ibara hiyo kwa makongamano mengi. Lakini urasmi wa lugha haukamiliki kwa kunukuliwa makongamanoni. Hukamilika pale kondakta anapoweza kuisoma kanuni ukutani, akaielewa, akaiuliza swali, na siku ya siku akaitumia dhidi ya maslahi yake mwenyewe kwa kuwa anaiamini. Kijana asiyeielewa sheria iliyomtoa huondoka akidhani ameonewa, na mara nyingine huwa ameonewa kweli.

Kwa hiyo ningependekeza kwamba chama chetu kiache kuzisubiri asasi kubwa katika jambo hili. Tuteue kikundi kidogo cha wanafunzi, twende vibandani Buruburu, Umoja na Donholm, na wenzetu wa pwani waende vya kwao. Tusiende kuwafundisha vijana Kiswahili. Twende kuyanukuu maneno yao, kisha tuwaandikie kielelezo cha masharti ya mashindano: namna ya kupanga mtoano, kugawa alama, kuamua waliolingana, na kutaja umri wa washiriki juu kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa. Kitakuwa kitabu cha kurasa chache, ila huenda kikasomwa na watu wengi kuliko tasnifu zetu zote.

Mdogo wangu alitimiza miaka 18 na amekwishachukua kitambulisho chake. Msimu mpya utakapoanza atakutana tena na kondakta, na mzee amekwishaniomba nipitie masharti. Nimemwambia safari hii nitayaandika pamoja na kondakta, na atakayeyasoma kwa sauti siku ya kwanza awe yeye.